Unarusha jeti binafsi na unawaza kuhamia shirika la ndege? Anza na logibuku yako

Hili swali linazunguka sana kwa marubani wa uwanja wa Wilson Nairobi, wa Dar, wa Entebbe, mpaka kwa wenzetu walioko Dubai na Doha. Mtu ana masaa yake ya kutosha kwenye jeti ndogo kama Citation au ndege ya propela kama King Air, bosi anamlipa vizuri tu, anajiuliza aende shirika la ndege au abaki alipo. Na majibu anayopewa mara nyingi ni ya mshahara na ukubwa wa ndege, nani analipa dola ngapi, nani ana Dreamliner, nani anakupa nyumba. Mimi naona hapo ndo watu wengi wanapotea njia. Vitu viwili ndo vinaamua hii safari, kile kilichoandikwa kwenye logibuku yako, yaani kitabu cha kumbukumbu ya masaa yako ya kuruka, na tarehe utakayoingia huko unakokwenda. Mshahara unafuata nyuma ya hivyo viwili.

Kwa hiyo rubani mwenzangu, kabla hujagusa tovuti yoyote ya ajira, chukua logibuku, chukua kalamu na karatasi, kaa nayo jioni nzima na uisome kama atakavyoisoma mtu asiyekujua kabisa.

Wanachokitafuta ndani ya logibuku

Usiangalie jumla, jumla inadanganya. Rubani mwenye masaa 3,000 anaweza kuachwa akachukuliwa mwenye 1,800 na sababu yote iko kwenye zile safu za pembeni ambazo wengi wetu tunazijaza haraka haraka usiku hotelini.

Anza na ATPL, ile leseni ya juu ya urubani wa mashirika, kama huna bado. Viwango vya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ambavyo nchi zetu za Afrika Mashariki zimevijengea kanuni zao, vinataka masaa 1,500, na ndani yake kuwe na 250 ya ukapteni, au angalau 70 ya ukapteni kamili na yanayobaki uwe umekaa kama kapteni chini ya usimamizi. Kuwe na 200 ya safari za mbali, 75 ya kuruka kwa vyombo (bila kutegemea kuona nje) ambapo 30 tu ndo yanaweza kutoka kwenye simuleta, na 100 ya usiku. Sasa hayo ya usiku ndo yanawakwamisha watu wa huku kwetu, tena vibaya. Ukiwa unapeleka watalii Mara, Serengeti, Ruaha na visiwani, viwanja vingi havina taa, unaruka mchana mwaka mzima, unafika masaa 2,500 halafu unakuta una 40 ya usiku. Hayo hayaji yenyewe. Ongea na mpanga ratiba mapema, omba zile safari za kurudisha ndege jioni, omba za wagonjwa, omba mizigo ya alfajiri, yaani chochote kinachoruka giza likiwa limeingia.

Kuna mtego mwingine na huu watu hawaambiani. Kama umekaa kiti cha kulia kwenye ndege ambayo kwa cheti chake inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, kama Caravan, King Air 200 au zile Citation ndogo za CJ, basi kwa kanuni ya ICAO masaa yako ya urubani msaidizi yanaweza kuhesabiwa nusu tu unapoomba leseni ya juu, isipokuwa mamlaka ya nchi yako iwe imekubali kukuhesabia yote kwa kuwa ndege ina vifaa vya rubani wa pili na kampuni inairusha kwa taratibu za marubani wawili. Soma hapo tena taratibu. Mtu ana 1,600 kichwani, mamlaka wanamwambia una 1,100. Nenda mamlaka ya anga ya nchi yako, KCAA ya Kenya, TCAA ya Tanzania au UCAA ya Uganda, ukaulize kwa maandishi, taja aina ya ndege na kampuni, upate jibu lenye muhuri. Usisubiri siku ya kuomba leseni ndo ugundue.

Baada ya hapo angalia masaa ya jeti na ya tabopropu (ndege za propela zenye injini ya tabini) uyatenganishe, halafu uyatenganishe tena kwa uzito. Mashirika mengi, hasa ya Ghuba, yanaandika masharti yao kwa tani, wanataka uwe umerusha ndege ya marubani wawili yenye uzito wa juu wa kupaa unaozidi kiwango fulani. Mpaka wa kwanza unaoujua ni kilo 5,700. King Air 200 iko chini yake kidogo tu, kama kilo 5,670, wakati King Air 350 imeuvuka, ina kama 6,800. Kwa hiyo watu wawili wamekaa kampuni moja, mmoja kwenye 200 na mwingine kwenye 350, karatasi zao hazifanani kabisa hata kama kazi ni ileile.

Na hapa naomba watu wa jeti binafsi mjue thamani yenu. Nimesikia rubani wa Gulfstream akiongea kwa unyonge mbele ya rubani wa Dash 8, kisa mwenzake anabeba abiria sabini na kitu. Gulfstream G550 inapaa na tani 41, Dash 8 Q400 ni kama 30 tu. Unavuka bahari, unapanda juu ya futi 45,000, unatua uwanja ambao hujawahi kuuona, na vibali vya anga vya nchi tano umefuatilia mwenyewe. Kinachokukosesha kazi kwa kawaida ni miruko michache. Rubani wa shirika anatua mara nne kwa siku, wewe unaweza kukaa siku nne Zanzibar unamsubiri mwenye ndege. Fomu nyingi zinauliza umeruka masaa mangapi ndani ya miezi 12 iliyopita, na jibu likiwa dogo sivii inawekwa pembeni hata kama jumla ni kubwa. Kama unajua utaomba kazi mwakani, huu mwaka usikatae safari.

Kitu cha mwisho kwenye logibuku ni ukweli. Kuna tabia kwenye ndege ndogo za matajiri, makapteni wawili wanaruka pamoja na wote wawili wanaandika ukapteni wa safari ileile. Acha. Mwenye saini ya kupokea ndege kwenye teklogi, lile daftari la hali ya ndege, ni mmoja, na shirika kubwa likitaka kuhakiki linaweza kuomba hizo kurasa. Ukikutwa na masaa yasiyo yako habari inasambaa, marubani wa eneo hili tunajuana wote.

Tarehe

Kwenye mashirika yenye chama cha marubani chenye nguvu, namba yako ya senioriti, yaani nafasi yako kwenye foleni ya marubani, inaanza siku uliyoingia, na hiyo namba ndo inaamua unapata likizo Disemba au Februari, unapanda ndege kubwa lini, unakuwa kapteni lini, na siku ya kupunguza watu nani anaanza kutoka. Ukapteni wako wa miaka kumi kwenye jeti ya mtu hauhamishiki. Unaingia nyuma ya kijana wa miaka 24 aliyeajiriwa wiki moja kabla yako, na atakuwa mbele yako mpaka mtakapostaafu. Hili ni gumu kulimeza kwa mtu aliyezoea kuitwa kapteni, lakini ukilikubali mapema unaona kwanini kusubiri miaka miwili ili upate ndege nzuri zaidi ya kuingilia kunaweza kukugharimu kuliko kuingia sasa hivi kwenye ndege ndogo.

Upande wa pili wa tarehe ni umri. ICAO inakata urubani wa biashara wa kimataifa ukifika miaka 65 kwa ndege ya marubani wawili, na 60 kama unaruka peke yako. Mwenye miaka 30 ana miaka 35 ya kupanda ngazi, huyo hata akianza chini kabisa hesabu inalipa. Mwenye 52 ana 13, na kama foleni ya ukapteni kwenye shirika analolitaka ni ndefu basi anaweza kustaafu bado yuko kiti cha kulia. Na jeti ya mwenyewe isiyobeba abiria wa kulipa haibanwi na kikomo hicho cha kimataifa cha 65, inategemea sheria ya nchi na bima ya ndege. Kwa hiyo kwa mzee wa miaka hamsini na kitu mwenye bosi mwema na medikali (cheti cha afya ya rubani) safi, mimi kwa kweli namshauri abaki, na nguvu zake azipeleke kwenye kupata mkataba ulioandikwa vizuri hapo alipo.

Kuna watu wanasema shirika ni usalama, jeti binafsi ni bahati nasibu. Nusu kweli. Bosi akiuza ndege leo kesho huna kazi, hilo lipo. Lakini mwaka 2020 mashirika yaliegesha ndege na kupunguza marubani kwa maelfu dunia nzima, wakati jeti binafsi zilirudi angani mapema kwa sababu matajiri hawakutaka kukaa na watu wasiowajua. Usalama wa shirika ni namba ya senioriti na fedha za shirika lenyewe, sio rangi kwenye mkia.

Milango iliyopo

Tuanze nyumbani. Kenya Airways wana 787, 737-800 na Embraer 190, na kampuni yao ya nauli nafuu Jambojet ilianza 2014 na 737, sasa inaruka na Dash 8 Q400. Air Tanzania wana Q400, A220, 737 MAX 9, 787 na 767 ya mizigo. Precision wanaruka na ATR. Uganda Airlines walirudi angani 2019 na CRJ900, baadaye wakaongeza A330neo. RwandAir wana Q400, 737 na A330. Ukitoka kwenye King Air, ATR au Q400 ndo hatua inayoeleweka zaidi, unajua tayari propela na hali ya hewa ya huku, unajua mvua za Ziwa Victoria jioni, unajifunza ndege nzito na nidhamu ya shirika. Wengi wanadharau tabopropu wakitoka kwenye jeti. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu namba ya senioriti unaipata siku ileile, uingie kwa ATR au uingie kwa 787.

Swali la kuuliza kwa shirika lolote la nyumbani ni ndege ngapi zinaruka leo kwa marubani wangapi. Usihesabu zilizo kwenye picha. Mwisho wa 2022 Air Tanzania walilazimika kuegesha A220 kwa tatizo la injini za Pratt & Whitney, tatizo lililowakumba wenye ndege hizo sehemu nyingi duniani, na ndege ikikaa chini rubani wake hapati masaa na foleni ya ukapteni inasimama. Uliza pia kuhusu pensheni na mfuko wa akiba, maana marubani wa Kenya Airways waligoma Novemba 2022 na mfuko wa akiba ulikuwa ndani ya madai yao. Mshahara wa mwezi ni nusu ya habari.

Kama ndege yako ina ndugu kwenye mashirika, anzia hapo, huu ni mlango watu wanaupita bila kuuona. BBJ ni 737 iliyovaa makochi ya ngozi. ACJ ni familia ya A320. Lineage 1000 imetoka kwenye Embraer 190, na Legacy 600 na 650 ziko kwenye taipu retingi (ruhusa ya kurusha aina fulani ya ndege) moja na ERJ-145. Yaani mhuri ulioko kwenye leseni yako tayari unaweza kuwa ndo ule shirika linataka kumlipia mtu mwingine makumi ya maelfu ya dola aupate. Mtu wa Challenger 604 au 605 asijidanganye na CRJ lakini, zimezaliwa nyumba moja ila retingi ni mbalimbali.

Ghuba sasa. Emirates, Qatar Airways, Etihad na flydubai wanapokea leseni za ICAO kisha mamlaka zao zinakupa yao, ndo maana Wakenya na Watanzania wako huko bila kufanya mitihani ya Ulaya. Faida ni kubwa, fedha, nyumba au posho ya nyumba, shule za watoto, ndege za kisasa. Gharama nayo tuiseme kwa ukweli: rosta imejaa, kikomo cha kawaida cha masaa ya kuruka kwenye kanuni nyingi ni kama 900 kwa mwaka na wao wanaweza kukupeleka karibu sana na hapo, na Falme za Kiarabu hakuna chama cha wafanyakazi cha kukusemea. Ukipunguzwa kazi, viza ya familia nzima inaondoka pamoja na kazi. Mtu mwenye watoto darasa la saba afikirie hilo kabla ya kufikiria A380. Masharti ya masaa yanabadilika mara kwa mara kutegemea wanahitaji watu kiasi gani, kwa hiyo soma tangazo la wiki hii, usitegemee alichokwambia rafiki aliyeingia kabla ya korona.

Na huko huko Ghuba kuna mlango wa kati ambao unafaa sana kwa mtu wa jeti, nao ni kampuni kubwa za jeti zenye mfumo wa shirika. Qatar Executive wana Gulfstream, Royal Jet ya Abu Dhabi wanaruka na BBJ, Ulaya kuna VistaJet na NetJets. Una rosta iliyoandikwa, una siku za kazi na siku za nyumbani zinazojulikana, una idara ya mafunzo na ya ratiba, na bado unaruka jeti unayoipenda. Kama kinachokuchosha ni simu ya bosi saa tano usiku na sio jeti yenyewe, basi huenda dawa yako iko hapa. Jiulize hilo swali kwa utulivu, maana wapo watu walihamia shirika wakitafuta usingizi, wakaukuta mruko wa saa tisa usiku mara nne kwa wiki.

Mlango wa kazi za mkataba Nairobi inaujua kuliko mji wowote Afrika. Ndege za Umoja wa Mataifa za kubeba watu wa misaada Sudan Kusini na Somalia, ndege za wagonjwa kama za AMREF Flying Doctors ambao wako kazini tangu 1957, mizigo kama Astral. Kazi ngumu hizi, viwanja vya vumbi, usalama wa wasiwasi, wiki kadhaa kazini wiki kadhaa nyumbani, lakini zinajaza zile safu zilizokuwa tupu, usiku, vyombo, marubani wawili, na kwa za wagonjwa unapata jeti na King Air kwa pamoja. Kwa mwenye 1,200 anayetafuta kufika 2,000 kwa heshima, naona hii ni njia nzuri kuliko kukaa anasubiri jeti ya mtu itoke hanga mara mbili kwa mwezi.

Ulaya na Marekani nitapita haraka kwa sababu kizuizi cha kwanza ni haki ya kufanya kazi, sio urubani. Kama una pasipoti au karatasi za huko, Ulaya watakutaka mitihani 13 ya nadharia ya ATPL, kila mmoja alama 75 kwa mia, yote ndani ya miezi 18 tangu mwisho wa mwezi wa mtihani wa kwanza. Uingereza imejitenga na mfumo wa Ulaya tangu mwanzo wa 2021 kwa hiyo leseni ya mmoja sio ya mwingine, chagua kabla hujalipa shule. Marekani inataka ATP yao, ambayo ndo ATPL ya kule, umri miaka 23 kwa ile kamili, na kabla ya mtihani wa maandishi lazima upite kozi ya ATP-CTP yenye masaa 30 ya darasani na 10 ya simuleta. Sharti la masaa 1,500 kwa marubani wasaidizi wa mashirika kule lilikuja baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo Februari 2009.

Wale ndugu zetu walioko Marekani wanaoruka jeti za kampuni chini ya Part 91 (kanuni za ndege zisizobeba abiria wa kulipa) wajue na hili: ili uwe kapteni wa shirika la Part 121 (kanuni za mashirika ya ndege) unatakiwa uwe na masaa 1,000 ya aina maalumu, mfano urubani msaidizi ndani ya Part 121 yenyewe, au ukapteni wa baadhi ya kazi za Part 135 (ndege za kukodi) na za jeti zinazomilikiwa na watu wengi kwa hisa. Ukapteni wa jeti ya kampuni chini ya Part 91 ya kawaida haumo, hata uwe na 8,000. Panga muda wako ukijua hivyo.

Kujiandaa kwa usaili na simuleta

Watu wa jeti wanaanguka sana kwenye simuleta na sababu inajulikana. Kwenye ndege yako una vioo vya kisasa, oto pailoti inakamata futi 400 baada ya kupaa, na umeruka na kapteni mmoja miaka minne mpaka mnaelewana kwa macho. Siku ya mtihani wanakuzimia oto pailoti, wanakuzimia na mistari ya kukuongoza, injini moja inakufa baada ya V1 (spidi ambayo ukiipita lazima upae), unaelekezwa uzunguke kusubiri halafu ushuke kwa ILS (mawimbi ya redio ya kukuongoza kutua) kwa mkono, na pembeni yako amekaa mtu usiyemjua anayesubiri usikie na useme maneno ya utaratibu. Anza miezi sita kabla. Hali ya hewa ikiwa nzuri na kapteni akikubali na taratibu za kampuni zikiruhusu, rusha kwa mkono. Kuangalia vyombo kwa mzunguko ni ujuzi unaokauka usipotumika. Halafu nunua masaa mawili matatu ya simuleta kabla ya mtihani, hata isiwe ya ndege ileile, hela hiyo haipotei.

Kingine ni maneno ya kazi. Jeti binafsi nyingi zina taratibu lakini watu wanazilegeza. Shirika linataka kila wito usemwe kama ulivyoandikwa, kila orodha isomwe, na rubani msaidizi aseme wazi anapoona kosa. Kama hujawahi kufanya kozi ya ushirikiano wa marubani wawili, ile MCC, itafute, na kama uliifanya zamani soma upya.

Usaili wenyewe utauliza kuhusu maamuzi: lini ulikataa kuruka, ulifanyaje mwenye ndege alipokusukuma, mliwahi kutofautiana na kapteni ikawaje. Hapo mtu wa jeti ana hazina kubwa kuliko kijana aliyetoka shuleni, umeshakaa na waziri au tajiri anayetaka kuondoka sasa hivi na dhoruba iko juu ya uwanja, ukamwambia mheshimiwa tusubiri nusu saa. Elezea hilo vizuri, hatua kwa hatua, ulichoona, ulichofikiria, ulichosema, kilichotokea. Lakini kamwe usimtaje mtu kwa jina. Nani alipanda, alikwenda wapi na nani, hiyo ni siri ya kazi, na wanaokusaili wanapima kama utaitunza hata wakikuchokoza. Futa pia picha za abiria na ndani ya ndege za watu kwenye simu na mitandao yako kabla hujaomba.

Karatasi nazo zichukue muda wake. Kiingereza cha ICAO daraja la 4 ndo la chini, la 6 ndo halihitaji kurudiwa. Medikali ya daraja la kwanza iwe na miezi mingi mbele. Mashirika ya nje yataomba mamlaka yako ithibitishe leseni moja kwa moja kwao, na mara nyingi barua kwamba huna rekodi ya ajali. Hizi barua hazitoki kwa siku moja, na foleni ya ofisi haijui kwamba usaili wako ni Jumatatu, kwa hiyo anza nazo mapema.

Mkataba na kuondoka kwako

Wakikupa kazi, kabla ya kupost picha, soma bondi. Shirika likikulipia taipu retingi litakufunga miaka kadhaa, na hilo sio baya lenyewe. Angalia deni linapungua kila mwezi au linabaki zima mpaka siku ya mwisho. Angalia inakuwaje wakikupunguza wao, inakuwaje ukifeli mafunzo, inakuwaje ukipoteza medikali kwa ugonjwa. Kama wanataka wadhamini wawili kaa na hao ndugu uwaeleze kwa takwimu watakachodaiwa ukiondoka, maana mjomba anayesaini kwa mapenzi ndo atakayepigiwa simu. Mpelekee wakili wa kazi, sio rafiki anayejua sheria sheria. Na kama anayekupa kazi anataka ULIPE ili urushe ndege zake zenye abiria, achana naye, hata kama masaa unayahitaji kiasi gani.

Kwa bosi wa sasa, nenda mwenyewe, ana kwa ana, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Mpe notisi yote ya kwenye mkataba, na kama anaweza kukosa rubani msimu wa watalii jitolee kumsaidia kumpata na kumzoesha mwingine. Wenye jeti wanajuana, wenye mashirika wanapiga simu, na barua yake nzuri inaweza kukurudisha kwenye jeti miaka kumi baadaye ukitaka kurudi.

Kabla ya siku ya mwisho kazini, hakikisha kila ukurasa wa logibuku umesainiwa na rubani mkuu na kupigwa muhuri, chukua barua ya masaa inayotenganisha ukapteni, urubani msaidizi, usiku na aina ya ndege, na nakala za rekodi zako zote za mafunzo na mitihani ya simuleta. Zitunze kwenye karatasi na kwenye simu na kwa mtu mmoja nyumbani. Kampuni ndogo za ndege zinafungwa, zinauzwa, zinabadilisha majina, na ikishafika hapo utamtafuta wa kukusainia humpati.